Kukusanya na Kufufua Mashine za Kale za Kufulia Zinazojiendesha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni mashine zipi zinazohesabiwa kuwa za kale?

Wakusanyaji wengi huanzia mwaka 1937, kampuni ya Bendix ya South Bend, Indiana, ilipouonyesha umma wa Marekani mashine ya nyumbani iliyoweza kujaza maji, kufua, kusuuza na kukamua bila mtu kuigusa tena baada ya kuiwasha. Vita Kuu ya Pili ikasimamisha utengenezaji, kwa kuwa viwanda vya vyombo vya nyumbani viligeuzwa kuhudumia jeshi kuanzia 1942. Kipindi chenye neema kinaanza 1947, mwaka ambao General Electric, Frigidaire na Nineteen Hundred Corporation, iliyokuja kuitwa Whirlpool, zote zilitoa mashine za kupakia nguo kwa juu. Mwisho wa kipindi hicho unabishaniwa. Ukurasa huu unahusu mashine zilizotengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla vibao vya kielektroniki havijachukua nafasi ya taima, yaani zile saa za mota zinazopanga hatua za kufua.

Kwa nini mtu akusanye mashine za kufulia?

Wengi hujibu kwamba walipokuwa watoto walisimama juu ya kigoda wakachungulia ndani ya mashine ya mama au bibi, na hawakupata kuacha kuchungulia. Ipo pia sababu ya kiufundi. Kati ya 1947 na 1965 kila kiwanda kilikuwa na wazo lake la namna ya kusukasuka nguo, la namna ya kubadili mwendo kutoka kufua hadi kukamua, na la namna ya kuzuia mashine isitembee sakafuni, na mawazo hayo yalilindwa kwa hataza, hivyo mshindani alilazimika kubuni njia nyingine. Ukiwa na mashine sita za kampuni sita tofauti una majibu sita ya swali moja, na yote yanaonekana kwa macho ukifungua ubao wa nyuma.

Ni aina zipi zinazotafutwa zaidi?

Bendix za mwanzo hutafutwa kwa sababu ya utangulizi wake. Hazikuwa na springi za kuzuia mtikisiko, ndiyo maana zilifungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege. Mtu anayeishi ghorofani afikiri mara mbili.

Frigidaire, iliyokuwa mali ya General Motors na kutengenezwa Dayton, Ohio, ndiyo inayowasisimua wengi. Katika mashine nyingine ajiteta, yaani ile nguzo yenye mapezi inayosimama katikati ya ndoo, huzunguka nusu duara kwenda na kurudi. Katika Frigidaire hupanda na kushuka, na maji huonekana yakijipindua kama yanachemka. Mtambo wake wa kwanza, Unimatic, ulikamua kwa mizunguko zaidi ya 1000 kwa dakika katika zama ambazo washindani wengi waliridhika na takriban nusu ya hapo. Za miaka ya 1950 zilitoka pia kwa rangi ya waridi, manjano na kijani, na yenye rangi hupanda bei kuliko nyeupe. General Motors iliuza jina la Frigidaire mwaka 1979, na utaratibu huo wa kupanda na kushuka ukaishia hapo. Vipuri vyake ni adimu mno, na kwa maoni yangu si mashine ya mtu anayeanza.

Westinghouse ya Mansfield, Ohio, ilitengeneza Laundromat, mashine ya mlango wa mbele ulioinama kidogo, na jina hilo la biashara ndilo Wamarekani walilokuja kuliita duka lolote la kufulia kwa sarafu. General Electric ina Filter-Flo, ambamo pampu hupandisha maji ya kufulia na kuyamwaga juu ya sahani yenye matundu iliyokaa kichwani mwa ajiteta, ili nyuzi za nguo zinaswe humo. Thor ilitengeneza Automagic, iliyoweza kufua nguo na, kwa kubadilishiwa ndoo ya ndani, kuosha vyombo. Wazo hilo halikudumu, na bila shaka msomaji anaelewa kwa nini.

Nje ya Marekani, Constructa ya Düsseldorf ilikuwa miongoni mwa za kwanza Ulaya mwaka 1951, na Miele ilifuata na yake mwaka 1956. Hoover Keymatic ya Uingereza, ya miaka ya 1960, huchagua programu kwa kibao cha plastiki chenye mapengo pembezoni: ukikigeuza upande na kukichomeka tena, mashine inasoma mapengo hayo na kujua ifue sufu au pamba. Keymatic iliyopoteza kibao chake ni kabati tu, kwa hiyo muulize muuzaji habari za kibao kabla ya kuuliza bei.

Nianze na ipi?

Anza na Maytag iliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1950, au na Whirlpool ya mkanda, yaani ile ambayo mota huendesha giaboksi kwa mkanda, ambayo duka la Sears liliiuza kwa jina la Kenmore. Muundo wa Whirlpool hiyo ulidumu kuanzia 1947 hadi katikati ya miaka ya 1980 pasipo mabadiliko makubwa, hivyo mashine ya vipuri haikosekani. Maytag nayo ina giaboksi lenye vipande vichache na namna nyepesi ya kubadili mwendo: mota ikizunguka upande mmoja mashine inafua, ikigeuza upande wa pili kapi linapanda kwenye hesi ya mhimili, linaisukuma breki iachie, na ndoo nzima inaanza kuzunguka. Mtu akilielewa hilo ameielewa nusu ya mashine.

Zinapatikana wapi, na kwa bei gani?

Nyingi ziko bado katika vyumba vya chini vya nyumba za majimbo ya kati ya Marekani na Kanada, mahali ambapo mwenye nyumba aliifunga mashine mwaka aliohamia na hakuiondoa hadi alipofariki. Familia ikiuza nyumba, mashine hutolewa kwa bei ndogo au bure kwa sharti kwamba mchukuaji aje na watu wa kubeba. Kwa Waswahili waishio huko hii ni nafasi ambayo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hana. Anayetaka kuona kabla ya kununua aulizie makumbusho ya Lee Maxwell huko Eaton, Colorado, aliyekusanya zaidi ya mashine elfu moja, nyingi zikiwa za kabla ya zama za kujiendesha. Pwani ya Afrika Mashariki, mtumba unaoingia ni wa miaka ya karibuni zaidi, na za ndoo mbili kutoka Japani ni nyingi. Mashine ya 1955 ikitokea, ni bahati.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Kagua ukamilifu kwanza, uzuri baadaye. Mashine yenye mikwaruzo iliyo na vishikio vyake vyote, kioo cha paneli, ajiteta na kofia yake ina thamani kuliko inayong'aa iliyopotelewa na taima. Mapambo ya kromu na paneli zilizochapwa maandishi haviwezi kutengenezwa upya kwa gharama ya kawaida, ilhali beringi inanunuliwa dukani.

Kisha ingiza mkono ndani ya ndoo, ishike ukingoni na uitikise juu na chini. Ikicheza na kugonga, beringi ya katikati imekwisha. Izungushe taratibu kwa mkono na usikilize: mkwaruzo mkavu ni beringi, kishindo cha mara moja kila mzunguko huenda ni kitu kilichoangukia kati ya ndoo na tangi linaloizunguka, mara nyingi sarafu au chuma cha sidiria. Angalia sakafu chini ya mashine. Mafuta meusi katikati yanamaanisha kwamba sili ya giaboksi, yaani mpira unaozuia mafuta yasivuje, imechoka. Alama ya kutu yenye umbo la machozi ikishuka kutoka katikati ya tangi inamaanisha kwamba maji yamekuwa yakipita kwenye sili ya juu na kuelekea kwenye beringi, pengine kwa miaka. Hitilafu hizi zote zinatibika. Tangi lililotoboka kwa kutu chini ya enameli halitibiki vizuri, na hapo ndipo ninaposhauri mtu aage na kuondoka, isipokuwa kama anahitaji vipuri.

Nisafirisheje?

Isafirishe ikiwa imesimama wima. Nyingi zina uzito kati ya kilo 70 na zaidi ya 100, na mtu huvutiwa kuilaza, lakini giaboksi likilala mafuta hutoka kwenye tundu la kupumulia na kulowesha mkanda na breki. Kaza tangi kwa vipande vya mbao au mablanketi kati yake na ukuta wa kabati ili springi zisichomoke njiani, na umwage maji yote yaliyobaki kwenye pampu.

Je, nichomeke umeme nione kama inafanya kazi?

Hapana. Mashine iliyolala miaka thelathini ina nyaya ambazo mpira wake umekuwa mgumu kama biskuti na hupasuka ukikunjwa, ina swichi zilizoota kutu na mota ambayo panya huenda wamelala ndani yake. Toa ubao wa nyuma, vumbi liondolewe kwa kitambaa chenye unyevu, kila waya uchunguzwe, na upime kwa mita kama kuna njia ya umeme kati ya nyaya na bati la kabati. Zungusha mota kwa mkono. Kisha iwashe mota peke yake, mkanda ukiwa umevuliwa. Nyingi ziliuzwa na plagi ya pini mbili isiyo na waya wa athi. Fungia waya huo kwenye kabati kabla ya maji kuingia, na chomeka mashine mahali penye kifaa kinachokata umeme unapovuja.

Kuna hatari gani nyingine za kiafya?

Mbili zinastahili uzito. Bitana za breki na klachi katika mashine za miaka hiyo huenda zina asbesto, kwa hiyo usipulize vumbi hilo kwa kompresa wala usilipige msasa. Lilowanishe, lifute, na kitambaa kifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutupwa. Kapasita (vifaa vya kutunza chaji ya umeme) za kopo la chuma zilizotengenezwa kabla ya 1979 huenda zina mafuta yenye PCB, kemikali iliyopigwa marufuku Marekani mwaka huo. Usiitoboe, na ikiwa imevimba au inavuja ibadilishwe kwa glavu. Kapasita yoyote hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, basi iondoe chaji hiyo kwa rezista kabla ya kuigusa.

Ya tatu ni mkono wako mwenyewe. Mashine za zamani hazifungi kifuniko wakati wa kukamua, na baadhi yake hazisimami haraka kifuniko kinapoinuliwa. Mtu anayeunganisha nyaya kuikwepa swichi ya kifuniko ili watoto waone nguo zikizunguka anatafuta maafa.

Ajiteta imekwama na haitoki. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndipo mashine nyingi huharibiwa na mwenyewe. Ajiteta inakaa juu ya mhimili wenye meno, na miaka ya sabuni na maji ya chumvi hugeuza meno hayo kuwa kitu kimoja na ajiteta. Zile nyeusi za miaka ya 1940 na 1950 ni za bakelaiti, ambayo haina huruma: ukiichokonoa kwa bisibisi au mtaimbo chini ya ukingo, itamegeka, na hutapata nyingine.

Fungua kofia ya juu kwanza, na uangalie kama kuna skrubu ya kukazia pembeni mwa shina, maana wako waliovuta siku nzima huku skrubu ikiwa imekaza. Kisha jaza maji ya moto ndani ya ndoo hadi yafunike shina la ajiteta, uyaache kwa nusu saa, uyatoe, ujaze mengine. Joto hutanua ajiteta kidogo na kulainisha mabaki ya sabuni. Pitisha kamba nene au mkanda wa kufungia mizigo chini ya mapezi, pande mbili zilizokabiliana, uzikutanishe juu, na uvute wima huku mwenzako akigonga kichwa cha mhimili kwa nyundo ya mpira. Vuta kwa mikupuo mifupi. Ikigoma, rudia maji ya moto, mwaga mafuta ya kulegeza kutu juu ya meno, ukalale. Kesho yake nyingi hutoka zenyewe kwa mvuto mdogo, na nyeupe nyeupe inayobaki kwenye mhimili husuguliwa kwa siki. Kabla ya kuirudisha, paka meno grisi isiyoondolewa na maji, ili atakayekuja baada yako asikushangae.

Sili na beringi za mashine isiyotengenezwa tena zinapatikana wapi?

Beringi nyingi ni za vipimo vya kawaida na namba yake imechongwa ubavuni. Peleka namba hiyo kwenye duka la beringi, liwe la Kariakoo, Nairobi au Chicago, na utauziwa ileile iliyo kwenye mota za viwandani. Sili ya mafuta isiyo na namba hupimwa kwa kipimo cha kalipa mambo matatu: kipenyo cha mhimili, kipenyo cha tundu inamokaa, na unene. Zilizoundwa kwa mashine moja tu, kama ule mpira wa mikunjo unaofunika mhimili wa Frigidaire ukiwa unapanda na kushuka, ndizo zinazotesa. Vipuri vipya vilivyohifadhiwa tangu enzi hizo huuzwa vikiwa ndani ya maboksi yake ya asili na huvutia macho, lakini mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi. Ubonyeze kabla ya kulipa.

Kenmore yangu inajaza maji, mota inanguruma, lakini haifui wala haikamui. Tatizo ni nini?

Chungulia kwa nyuma, juu ya giaboksi. Kuna mkono unaobembea kulia na kushoto muda wote mota inapozunguka, na juu yake kuna sumaku mbili za umeme, moja ya kufua na moja ya kukamua. Taima ikipeleka umeme kwa sumaku mojawapo, chuma chake huvutwa, na bembea hiyo hiyo hulivuta bapa linaloingiza mwendo unaotakiwa. Kwa kuwa sumaku zinabembea, nyaya zake nazo hubembea, maelfu ya mara katika kila mfuo, na hatimaye shaba hukatika ndani ya mpira ambao kwa nje unaonekana mzima. Shika kila waya na uuvute polepole: uliokatika ndani hurefuka kama lastiki. Weka waya mpya wenye nyuzi nyingi nyembamba, uuachie urefu wa kutosha kujikunja. Hitilafu hii imewafanya watu kutupa mashine nzima nzima.

Taima inaweza kurekebishwa?

Mara nyingi, ndiyo. Ndani yake kuna kimota kidogo na pipa lenye vilima vinavyoinua na kushusha migusano ya shaba. Migusano iliyoungua husafishwa kwa karatasi laini sana na dawa ya kusafishia umeme. Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Mchoro wa nyaya mara nyingi umebandikwa ndani ya kabati au nyuma ya paneli, usiuoshe.

Kutu na enameli iliyomegeka?

Tangi na ndoo vimefunikwa kwa enameli, ambayo ni kioo kilichoyeyushwa juu ya bati kwa joto la nyuzi 800 hivi. Rangi ya kopo haiwi enameli. Doa dogo ndani ya tangi lisafishwe hadi chuma kitupu, likaushwe kabisa, lipakwe epoksi inayostahimili maji ya moto, na liachwe likauke kwa muda wote ulioandikwa kwenye kopo. Kabati la nje linaweza kupakwa rangi na fundi wa magari kwa matokeo mazuri, ingawa mimi huacha mikwaruzo ya kawaida ilivyo.

Je, mashine ya Kimarekani inaweza kutumika Afrika Mashariki?

Inaweza, lakini transfoma ya kushusha umeme peke yake haitoshi, na wauzaji wa transfoma hawasemi hivyo. Mashine hizo zimeundwa kwa volti 120 na hezi 60, yaani mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu Tanzania, Kenya na majirani zetu ni wa volti 230 au 240 na hezi 50. Transfoma hubadili volti na kuacha hezi zilivyo. Mota iliyokusudiwa kuzunguka mara 1725 kwa dakika itazunguka takriban 1440, kukamua kutapungua kwa moja ya sita, na taima nayo itachelewa kwa kiasi hicho hicho, hivyo dakika kumi za kufua zinakuwa kumi na mbili. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni joto: kwa hezi 50, mota ya volti 120 hujaa sumaku kupita kiasi na kuungua taratibu, na dawa yake ni kuipa volti zipatazo 100 badala ya 120.

Njia bora ni inveta ya wimbi safi inayotoa volti 120 na hezi 60, mradi iweze kubeba mshtuko wa mota inapoanza. Usinunue ya chini ya wati 2000. Njia ya tatu ni kufunga mota ya hapa hapa ya volti 230 yenye kapi ambalo kipenyo chake kimeongezwa kwa moja ya tano, ili kasi irudi. Hiyo inafaa kwa mashine ya mkanda tu, na taima bado itahitaji umeme wake. Mashine ya Kiingereza kama Keymatic haina shida hii hata kidogo.

Vipi kuhusu maji na sabuni?

Mashine nyingi za Kimarekani hazina hita. Zinategemea bomba la maji ya moto na la baridi, na kwa kawaida hutumia lita 150 hivi kwa mfuo mmoja. Baadhi zina utaratibu wa kupeleka maji ya sabuni kwenye beseni la pembeni na kuyavuta tena kwa mfuo wa pili, na kwa mtu anayenunua maji kwa boza hilo ni jambo la kuulizia. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi mno, hasa kwa Bendix na Westinghouse, ambazo povu huzizuia kukamua. Tumia ya mashine, na kidogo. Maji ya chumvi, kama yale ya visima vingi vya Dodoma, yasiachwe ndani ya tangi baada ya kazi.

Nijaribuje mashine niliyoikamilisha?

Tandaza maboksi makavu chini yake, ujaze maji bila nguo, na uiache ifue hadi mwisho wa duru ukiwa umekaa hapo hapo. Tone lolote litaacha alama kwenye boksi, na mahali pa alama hiyo patakuonyesha penye kasoro: katikati ni sili, pembeni ni mpira wa pampu, mbele ni vali ya kuingizia. Mfuo wa pili utie taulo chache, zilizopangwa sawasawa kuzunguka ajiteta. Usimwite mtu kuja kuitazama kabla ya mfuo wa tatu.

Mashine isiyofufuka nifanye nini nayo?

Ifungue yote. Hifadhi taima, vali, pampu, sumaku, vishikio, skrubu zake za ajabu ajabu na hasa ajiteta, kila kitu ndani ya mfuko wenye namba ya modeli na mwaka. Bati lililobaki lipeleke kwa wauza chuma chakavu.